Mtoto Aliyelala Mgongoni

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, kule Kabuchai, Bungoma, mama yangu alibeba mimba iliyokataa kuzaliwa. Ndivyo tulivyoamini nyumbani. Ukiniuliza leo kama tulikuwa wajinga nitakujibu polepole, maana walioamini zaidi ndio waliompenda zaidi.

Mama alikuwa mzaliwa wa Kitale, binti wa watu waliotoka Mkoa wa Kati kuja kulima mahindi Trans-Nzoia. Alipoolewa Bungoma alinizaa mimi, Naliaka, kisha pakawa kimya. Baba alichuuza ndizi Lwakhakha, nyumbani akionekana kwa nadra, kwa hiyo boma letu lilikuwa la wanawake watupu: Mama, mimi, na Kukhu, yaani nyanya mzaa baba. Tumbo la Mama lilipoanza kuinuka, Kukhu alifurahi kuliko sote. Miezi ya kujifungua ikafika, ikapita, na tumbo likabaki palepale, gumu ukiligusa.

"Huyu amerara kwa mgongo," Kukhu akasema. "Si ako tu? Mimi mwenyewe mama alinibeba hivyo mpaka mahindi ikavunwa mara mbili."

Kwetu hilo halikuwa jambo la ajabu. Mimba iliweza kulala mgongoni mwa mama hata miaka, na hedhi ikaendelea kuja, hadi siku mtoto atakapoamua kugeuka. Hedhi ya Mama haikuja tu, ilikuja ikakaa. Nilimsaidia kuchota maji ya kufulia shuka bila kuambiwa kwa nini yalihitajika mengi hivyo. Tena alikuwa akitafuna odowa, yale mawe laini ya sokoni ambayo wajawazito huyatamani, akiyafunga hata kwenye leso ya kwenda kanisani. Nani angebisha? Mwenye macho haambiwi tazama.

Kukhu akaamua kwamba mtoto anangoja jina. Kwetu majina ni ya waliotangulia, na aliyekufa huja kudai lake. Basi mchana mmoja, baada ya ugali, alimketisha Mama mkekani, akampaka mafuta tumboni, akaanza kuwaita wafu wa ukoo kwa sauti ya mtu anayebisha hodi.

"Ni wewe, Wafula? Ni wewe, Barasa?"

Tumbo halikucheza. Kisha akasita, akaongeza mafuta kiganjani.

"Ni wewe, Simiyu?"

Mama akashika tumbo. "Amecheza!" akasema. "Haki ya Mungu, amecheza."

Simiyu alikuwa kitinda mimba wa Kukhu, aliyefariki akiwa kijana kabla sijazaliwa. Sijapata kumwona tena mtu mzima akilia kwa furaha namna ile. Tangu mchana huo Kukhu hakumwita tena mama yangu Mama Naliaka. Alikuwa Mama Simiyu, majirani nao wakafuata, na mimi nikageuza uso kila waliposalimia.

Baadaye nikaanza kuogopa. Viganja vya Mama vilipauka. Akitoka kisimani na mtungi alisimama njiani kuhema, nami nikasimama naye nikijifanya nimechoka. Dada yake wa Kitale alimpigia kwa simu ya jirani, akamsihi aende hospitali. Mama, aliyekuwa amesoma hadi kidato cha nne, alimjibu kwamba mtoto akisumbuliwa atarudi kulala. Alikuwa akimtaka huyo mtoto kupita kiasi, na sasa najua ni vigumu kumwambia mtu mwenye hamu hivyo kwamba amejidanganya.

Jumapili moja alianguka kanisani wakati wa kutoa sadaka, gauni lake limelowa damu. Pikapu ya kubebea miwa ikampeleka hospitali ya Bungoma, akaongezwa damu. Alipopata nguvu kidogo, dada yake alitupeleka Kitale kwa daktari wa wanawake. Kukhu alikataa kubaki. Alisema anamsindikiza Simiyu.

Daktari alikuwa mama mwembamba mwenye haraka. Alimwonyesha Mama picha ya tumbo lake.

"Mama, hapa hakuna mtoto. Hii ni uvimbe, tunaita fibroidi. Si kansa, wanawake wengi wako nayo. Lakini hii yako ni kubwa, ndio maana tumbo imepanda na damu inamwagika. Hata hiyo odowa unatafuna ni juu damu imepungua." Akachukua kalamu. "Sasa tutatoa."

Machozi yalimtoka Mama akitazama ile picha. Kukhu, aliyekuwa amesimama mlangoni amenishika mkono, ndiye aliyeuliza.

"Mnatoa mtoto, ama mnatoa nyumba?"

"Nyumba gani, mama?"

"Nyumba ya mtoto. Hiyo anarara ndani."

Aliuliza kwa imani yake ileile, akihofia makao ya mwanawe, lakini hilo ndilo swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza. Daktari aliweka kalamu chini, akavuta kiti, akaanza upya. Wangeweza kutoa uvimbe peke yake na kuacha mfuko wa uzazi. Huenda Mama angeshika mimba, ila angeweza kupoteza damu nyingi wakati wa upasuaji, na uvimbe ungeweza kuota tena. Au watoe mfuko wote, hedhi iishe kabisa, na asizae tena. Au angoje kwa dawa za kupunguza hedhi na za kuongeza damu, lakini uvimbe mkubwa hivyo usingeyeyuka kwa vidonge.

"Hakuna mtu atakuchagulia," akasema. "Enda ufikirie, urudi na maswali."

Tukalala kwa dada yake Mama siku kadhaa. Baba alikuja kutoka Lwakhakha, akasema mwenye maumivu ndiye mwenye uamuzi. Kukhu alipiga magoti kwenye saruji, mwanamke mzee vile, mbele ya mkaza mwanawe.

"Mama Simiyu, nakuomba. Usibomoe."

Mama alimwinua kwanza. "Mayi," akasema, akimwita mama kwa lugha yetu, "mimi ni Mama Naliaka. Huyu ndiye yuko, na bado ananihitaji."

Nilifurahi, sitaficha. Mfuko wote ukatolewa. Baada ya upasuaji Kukhu alimwomba nesi ampe kilichotolewa akakizike. Nesi akamjibu kwa upole kwamba hapakuwa na mtu wa kuzikwa. Kukhu alirudi Kabuchai peke yake. Tulipofika baadaye na Mama, akitembea ameinama, tulimkuta nyanya ameketi nje amenyoa kichwa, kama waliotoka kuzika. Baba alisema wazee wana mambo yao, tukaingia ndani.

Alimuuguza Mama vizuri. Alimpikia uji, akamkandia mgongo kwa maji moto. Lakini hakumwita tena kwa jina lolote, si langu wala la Simiyu. Alimwita "wewe" hadi siku alipofariki.

Mwaka jana daktari wa Bungoma aliniambia nami nina uvimbe. Niliuliza uko wapi, una ukubwa gani, na nikiungoja itakuwaje. Nataka mtoto, kwa hiyo nimechagua utolewe wenyewe tu, nikijua kwamba unaweza kurudi. Nilimweleza Mama haya jikoni kwake, kisha nikamuuliza jambo lililonikaa moyoni miaka yote: kwa nini wewe ulielezwa, mimi nimeelezwa, lakini hakuna aliyekaa na Kukhu kumweleza kwamba hatukumuua mwanawe?

Mama aliendelea kuchambua maharagwe.

"Ningemwambia nini, Naliaka?" akasema. "Na mimi nilimsikia akicheza."