Mtafiti wa Rafu ya Tatu

Jirani yangu anasomea shahada ya uzamili, biashara na saikolojia ya wateja kwa pamoja, na utafiti wake anaufanyia kwenye duka la pale kona. Kutwa husimama mbele ya rafu, daftari kifuani, uso ameukunja kama daktari anayesoma kipimo cha mgonjwa. Mtu akigusa bidhaa, huguna "Mmh," kisha huandika. Akiirudisha, huguna kwa urefu zaidi. Kila akimaliza kuandika hujipangusa shavu kwa vidole vyenye wino, basi ikifika adhuhuri keshaota ndevu za buluu. Anachotafuta ni kimoja tu: kwa nini mtu anunue kitu ambacho hakukifuata.

Wiki iliyopita alimwendea mama mwenye duka mbio. "Mama, rafu ya tatu ina siri! Sabuni zimekwisha zote!" Mama hakuinua hata macho. "Siri ni wewe, mwanangu. Watu wakikuona umezikodolea macho vile, wanadhani zina jambo. Zilikuwa zimenidodea tangu mwaka jana. Kesho kasimame kwenye mitego ya panya." Nilidhani atalirarua daftari, maana miezi minne ya utafiti ilikuwa imekwenda na maji. Akaguna "Mmh," akaandika, na kesho yake akaja amechana nywele, akasimama mbele ya mitego. Mimi siku hiyo nilikuwa nimefuata chumvi. Nyumbani kwangu hakuna panya hata mmoja, lakini mitego ninayo miwili, na mboga tumekula hivyo hivyo, chapwa.