Mama Taratibu, asiyevuta bandeji kavu

Saa mbili asubuhi, benchi la nje ya chumba cha vidonda limeshajaa. Ndani, madirisha yako wazi na feni inazunguka kwa kujivuta, lakini harufu haitoki. Mwanamke wa makamo mwenye aproni ya plastiki amepiga magoti mbele ya mzee mmoja. Anamimina maji ya chumvi ya uvuguvugu juu ya bandeji iliyogandamana na kidonda. Anangoja. Anamimina tena.

"Usiangalie huku, babu. Nipe habari za wajukuu," anamwambia.

Babu anasimulia, na wajukuu wenyewe ni wengi. Bandeji inaachia yenyewe hata hajui imetoka saa ngapi.

Wagonjwa wanamwita Mama Taratibu. Wenzake nao wanamwita hivyo, ila kwa utani, maana kila siku yeye ndiye wa mwisho kwenda kula. Bandeji iliyokauka ukiivuta, kazi inaisha upesi, lakini nyama changa inang'oka nayo. Yeye havuti, hata foleni ifike getini.

"Mchelea mwana kulia, hulia yeye," muuguzi wa zamu humchokoza.

"Basi nitalia. Nimeshazoea."

Muuguzi msaidizi huyu yuko katika chumba hiki kwa mwaka wa kumi na tisa. Kwa siku hupokea watu wapatao thelathini, wengi wao wagonjwa wa kisukari. Ameona mengi. Lakini kidonda kilichomvunja moyo mwaka huu kilikuwa cha ndugu yake wa damu.

Mdogo wake, fundi wa kujenga, alikanyaga msumari kazini. Hakujua kwamba ana kisukari. Kidonda kikala kidole, kikapanda. Alikuwa akija kusafishwa vizuri tu, mpaka siku alipotembelewa na mzee wa kanisa. Mzee alimwambia kwamba kidonda kisichopona kina dhambi nyuma yake, kwa hiyo atubu kwanza.

Fundi akaamini. Akamdanganya dada yake kwamba amehamia zahanati ya karibu na kwake, kisha akajifungia chumbani. Alitubu kila alichokikumbuka, hata sukari aliyoilamba kwa siri utotoni.

"Nilipokwenda kumjulia hali, akanizuia mlangoni," anasema Mama Taratibu. "Akaniambia, 'Dada, usiingie, nanuka. Hata Mungu amenihama.' Niliusukuma ule mlango. Sijawahi kukasirika vile maishani mwangu."

Hata hivyo hakwenda kumgombeza mzee wa kanisa. Alimwita aje nyumbani kwa fundi kumwombea mgonjwa, na alipofika tu, akamkabidhi beseni.

"Nilimwambia, 'Shika hapa, mzee wangu. Maombi baadaye.'"

Mzee akashika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na vidonda alikuwa akivijua kwa kuambiwa. Maji yalidondoka na usaha, kisha na damu. Fundi, mwanamume wa kubeba mifuko ya saruji, alikuwa akiuma mto asipige kelele.

Ukafika wakati wa kuomba. Mzee aliweka beseni chini, akaushika ule mguu kwa mikono yake mitupu, akalia. "Nisamehe, mwanangu," alisema, na sala yake ikaishia hapo.

Mama Taratibu anasema siku hiyo alimfikiria yule mwenye ukoma ambaye Yesu alimgusa.

"Angeweza kumponya kwa mbali, asijichafue. Kwa nini amguse? Mimi nadhani alijua yule mtu ana hamu ya kuguswa kuliko hata kupona."

Fundi alirudi hospitali siku iliyofuata, amechelewa lakini amerudi. Leo yupo mwishoni mwa benchi, na mzee wa kanisa, aliyemleta, ameketi ubavuni pake. Zamu yao inapofika wanaingia ndani; daktari anakuja, anainama, anaangalia kwa muda mrefu. Anaongea kwa upole, ila hafichi: Alhamisi mguu utakatwa, chini ya goti.

Fundi anamgeukia dada yake.

"Kwa hiyo nilitubu bure?"

"Hukuwa unaadhibiwa, mdogo wangu," anamjibu huku akifunga bandeji safi. "Ulikuwa unaumwa."

"Na Mungu je?"

"Anaumia na wewe. Hajatoka humu chumbani."

Fundi anafuta macho kwa kiganja. Anamwomba dada yake kwamba baada ya upasuaji, bandeji ya kwanza aifungue yeye, si mtu mwingine. Dada anakubali, kisha anaingia stoo na kukaa humo kidogo. Anatoka macho yakiwa mekundu, anaita mgonjwa anayefuata.

Mwezi ujao anaanza likizo, na hana mpango wa kupumzika. Atazunguka na mzee wa kanisa kutafuta wagonjwa waliojificha majumbani. Ni mzee mwenyewe aliyeomba waende.

"Yeye anazijua hizo nyumba, maana maneno yale ya dhambi aliyasema humo pia kwa kinywa chake," anasema Mama Taratibu. "Mguu wa ndugu yangu unakwenda, sitaurudisha. Lakini sitaki mtu mwingine aoze nyuma ya mlango, akidhani Mungu yuko nje ameziba pua."