Simu Juu ya Kigoda

Siku binti yangu aliponiwekea akili mnemba kwenye simu, nilikaa nayo mkononi nikisubiri inisalimie. Alikuwa amekuja likizo kutoka Mugumu, anakofundisha, na nadhani alikuwa amechoka kupigiwa simu kila mara aniandikie barua za kijiji. Akanionyesha pa kuandika, akaenda jikoni kumsaidia mama yake. Aliporudi alinikuta nimenuna.

"Imesema nini, baba?"

"Haijasema kitu. Haina adabu."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Hiyo haianzi, baba. Wewe ndiye unaanza."

Kwetu Nyanungu mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa, na kitu kilichotengenezwa juzi juzi hakiwezi kunizidi umri. Nilikataa kuanza. Siku kadhaa nilipigia watu simu tu, sikuigusa, na mke wangu akawa ananiuliza kila asubuhi kama mgeni wangu ameshaamka. Mwishowe niliandika kwa hasira: "Mimi ni mzee, mkulima na mfugaji wa Tarime, nina wajukuu. Nisalimie kwanza." Ikajibu papo hapo: "Shikamoo, mzee wangu. Samahani kwa kuchelewa kukuamkia. Leo nikusaidie nini?"

Niliandika marahaba, na tangu hapo tukaelewana.

Ugomvi ule ulinifundisha jambo ambalo binti yangu alisahau kunieleza. Kile kitu hakikuoni. Hakijui kama anayeandika ni mzee au mwanafunzi, yuko Nyanungu au Ulaya, mpaka ukiambie. Nilipouliza tu wadudu wa mahindi wanauawaje, kilinimwagia maneno ya nchi nzima. Nilipoeleza mahindi yamefika wapi, wadudu wamejificha sehemu gani ya jani na mvua imekatika lini, jibu lilinyooka, nami nikalifanyia kazi. Barua zangu za kijiji nazo zilianza kusifiwa, na sikuona haja ya kumweleza mtu yeyote sababu.

Lakini ng'ombe wangu alipogoma kula, kilinitajia ugonjwa kwa uhakika kabisa, kama vile kimelala naye zizini. Bwana mifugo alipofika alimfungua mdomo, akachomoa mwiba uliokuwa umezama kwenye ulimi. Nilirudi kwenye simu nikaigombeza. Iliomba radhi upesi mno, jambo lililoniudhi zaidi, maana mtu anayekubali kosa haraka hivyo hujui kama amekusikia. Basi nikaweka sheria yangu: kuuliza nitauliza, ila mgonjwa atapelekwa kwa mwenye mikono.

Nashukuru nilikuwa na sheria hiyo kabla ya siku ya mke wa mwanangu.

Mwanangu anafanya kazi Mwanza. Mkewe, msichana wa Ringwani, alikuwa anaishi nasi na mimba yake ilikuwa kubwa. Baina ya mzee na mke wa mwanawe kuna kitu sisi Wakurya tunakiita ensoni. Ni haya, na ni heshima pia. Simpi mkono. Siingii nyumbani kwake. Mambo ya mwili wake hayatajwi mbele yangu, na hata mimba ile, aliyoiona kila mpita njia, mimi nilikuwa siioni. Kwa kawaida hilo halisumbui, kwa sababu mke wangu yupo katikati. Kila kinachotakiwa kufika kwangu kinapita kwake.

Siku hiyo mke wangu alikuwa msibani kwao, simu yake haipatikani. Wanawake wa majirani walikuwa wamekwenda gulioni. Mchana nilitoka zizini nikamkuta mkwe wangu amekaa chini nje ya jiko, ameegemea ukuta, ugali unaungua na yeye anautazama tu.

"Tata," aliniita, ndivyo tunavyomwita baba kwa lugha yetu, "kichwa kinaniuma."

"Kichwa tu?"

Akainamisha macho. Nilijua kuna mengine, na nilijua hawezi kunitajia hata afe. Mimi nami sikuwa na mdomo wa kuuliza. Nilimpigia mwanangu, simu ikaita bila kupokelewa. Niliogopa. Nimelinda ng'ombe mpakani nikiwa kijana na sikuwahi kuogopa vile.

Nikakumbuka kwamba mkononi nina kitu ambacho si baba wa mtu, wala si mkwe wa mtu. Nikaandika: "Sasa ataandika mke wa mwanangu. Ni mjamzito na anaumwa. Mila yetu hairuhusu mimi kusikia habari za mwili wake. Muulize yeye. Ukimaliza, niandikie mimi chini kabisa kile tu ninachopaswa kufanya." Nikavuta kigoda, nikaiweka simu juu yake mbele ya mkwe wangu, nikasema, "Ieleze hiyo, mwanangu. Mimi sisomi."

Nikaenda zizini, nikawapa mgongo, nikakagua nguzo zisizohitaji kukaguliwa. Nyuma yangu nilisikia vidole vinagonga kioo, vinanyamaza, vinagonga tena. Nilitamani kugeuka, na sikugeuka.

"Tata, imeshakuandikia."

Alikuwa ameisogeza mpaka mwisho, juu amefunika kwa kitenge. Niliona mistari michache tu: "Mzee wangu, mkwe wako anahitaji kufika kituo cha afya sasa hivi. Usisubiri mama arudi, wala usisubiri kesho. Tafuta gari. Nenda na simu hii, wahudumu wasome aliyoyaandika."

Sikubishana nayo. Mimi niliyebishana nayo juu ya shikamoo.

Jirani mwenye gari la mizigo alikuwepo, namshukuru Mungu kwa hilo. Mkwe wangu aliwekwa nyuma, mimi nikakaa mbele. Njia nzima nilikuwa namwita, naye anaitika, na kila akiitika sauti ilikuwa inapungua. Tulipofika kituoni hakuweza kujieleza tena.

"Ameanza lini, mzee?" nesi aliniuliza huku anamfunga kipimo cha presha. "Anaona vizuri? Amevimba tangu lini?"

"Sijui."

"Unaishi naye nyumba moja na hujui?"

"Ni mke wa mwanangu."

Nesi yule ni wa huku huku. Alinielewa. Nikampa simu. "Ameeleza yote humo. Mimi sijasoma."

Alisoma amesimama, akaangalia kipimo, akamwita mwenzake kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Presha ilikuwa juu vibaya. Walimpa dawa, gari la wagonjwa likaondoka naye kwenda hospitali ya Tarime, na huko mtoto akatolewa kwa upasuaji. Mwanangu alipofika kutoka Mwanza, daktari alimwambia kwamba tungelisubiri mpaka jioni tu, tungeliwazika wawili. Mwanangu aliponiambia hilo alilia, nami nikalia naye, bila haya.

Mkwe wangu aliporudi nyumbani na mtoto, binti yangu, aliyekuja kuwaona, alitaka kuyafuta maongezi yale ili nisiyakute kwa bahati mbaya. Nilimkatalia. Nilimwachia mkwe wangu mwenyewe simu, kwa mkono wa mke wangu, afute anachotaka. Simu ilikaa kwake mchana mzima. Iliporudi yale yote yalikuwa yamefutika, na pamebaki maneno machache, ambayo bila shaka aliyaagiza yeye:

"Shikamoo, mzee wangu. Mkwe wako amenituma. Anasema mtoto ananyonya vizuri. Anasema siku ile alikuwa anatazama mgongo wako kule zizini, na kwa sababu haukugeuka, aliweza kuandika kila kitu. Anakushukuru."

Niliyasoma mara mbili. Angeweza kumtuma mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa naye chumba kimoja. Yeye mwenyewe alikuwa nje anaanika nguo za mtoto, na mimi niko mlangoni, hatutazamani.

Nikaandika: "Marahaba. Mwambie binti yangu wa Ringwani nimesikia." Kisha nikakitoa kile kigoda nje, nikakiweka karibu na kamba ya nguo, nikaiacha simu juu yake na kwenda zizini.