Siku Mama Alipouliza Nani Hajawahi Kuhemea

Mwaka ule mvua zilikatika mapema, na hapa mtaani kwetu Nkuhungu tuliliona jambo hilo kwanza jikoni. Nyumba zilizokuwa zikipika mchana na jioni zikaanza kupika jioni tu. Wakati huohuo kazi za ujenzi mjini zilipungua. Mafundi waliozoea kuondoka alfajiri wakawa wanashinda vibarazani. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa fundi wa vigae, na kwa miezi kadhaa sikubandika hata kimoja.

Kwenye vibaraza hivyo ndipo kikundi kimoja kilipotukuta. Kiongozi wake alikuwa msimamizi wa zamani wa ujenzi, mzaliwa wa mtaa wa Kikuyu hapahapa mjini, msemaji mzuri, shati lake limepigwa pasi siku zote. Hakuanza na siasa. Alianza kwa kutuuliza habari za watoto, kisha akagawa unga. Siku ya kwanza tulikuwa wachache. Kadiri mahindi yalivyopanda bei ndivyo tulivyoongezeka. Alipotueleza habari za ukame tulipiga miayo. Alipotuambia nani wa kulaumiwa, watu walisimama.

Wa kulaumiwa alikuwa Mrangi mmoja kutoka Kondoa, muuza nafaka kwenye soko letu dogo kwa zaidi ya miaka ishirini. Kiongozi alisema watu wa Kondoa wanaficha mahindi ili Mgogo afe njaa, kwamba msikitini wanapanga bei, na kwamba mji huu una wenyewe. Mimi nilijua ghala la yule bwana halifichi kitu. Sakafu yake niliisakafia kwa mikono yangu, na mlango wake hushinda wazi. Hata hivyo nilipiga makofi. Kupata mtu wa kumlaumu kuliniondolea aibu ya kukaa bure huku mke wangu akiuza maandazi.

Kikundi kikaomba mkutano wa mtaa. Hoja ilikuwa moja: wakazi wapige kura ya mikono, kibanda cha Mrangi kifungwe na yeye aondoke sokoni. Watu walijaa uwanjani kuliko nilivyowahi kuona. Mrangi mwenyewe alikuja, akakaa pembeni na kofia yake mapajani.

Mama yangu alikuwa amekaa mbele, kwenye kigoda alichokuja nacho. Ni mwenyeji wa Bahi, na wakati ule alikuwa anaishi kwetu. Kabla mwenyekiti hajaita kura, mama aliomba kusema. Alisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," uwanja ukaitikia. Kisha akasimulia, bila haraka, jinsi alivyokuwa msichana mdogo na mashamba ya Bahi yakakauka, wao wakaenda kuhemea Kondoa. Hapa kwetu hakuna asiyelijua neno hilo: njaa ikiingia, unafunga safari kwenda kwa wenye chakula, unawalimia au unawapa ulichonacho, unarudi na mzigo. Safari hiyo bibi yangu hakuwa na cha kutoa, na mama, bado mtoto, alikuwa amechoka. Akamwacha kwa wenyeji wake, Warangi, hadi mvua zilipoanza. Walimlaza na binti zao. Aliporudi Bahi, alisema, mama yake alimpita njiani bila kumtambua, maana alikuwa amenenepa.

Mimi ni mwanawe na sikuwahi kuisikia habari hiyo.

Kisha akageukia uwanja. "Naomba kuuliza. Ambaye kwao hawajawahi kuhemea, anyooshe mkono tumwone."

Wazee walitazama chini. Ndipo kiongozi, akidhani amepewa nafasi ya kung'ara, akanyoosha mkono juu kabisa. "Kwetu hatujawahi," alisema. "Sisi si ombaomba."

Mzee mmoja nyuma yangu alianza kucheka polepole. "Mgogo ambaye kwao hawajahemea!" alisema. "Mwanangu, babu yako alikula nini miaka ile, kokoto?"

"Huyo labda si wa huku," mwanamke mmoja akadakia. "Muulizeni vizuri, tusije tukafukuza mgeni mmoja tukamwachia mwingine mji."

Kicheko kikapita uwanja mzima. Kiongozi alijaribu kuendelea, akataja bei, akataja msikiti, lakini kila alipofungua kinywa mtu alimwuliza habari za kokoto. Mwenyekiti alipoita kura, mikono iliyounga mkono hoja haikufika robo ya watu. Wangu ulibaki mfukoni. Sijivunii mkono huo, kwa kuwa wiki moja kabla ningeunyoosha. Ninayemjivunia ni mwanamke aliyekuwa kwenye kigoda.

Njaa haikuisha siku ile, na wapo waliomfuata kiongozi kwenye mitaa mingine. Lakini asubuhi iliyofuata kibanda kilifunguliwa, na mama alikuwa mteja wa kwanza. Nilimbebea mfuko. Mrangi aliinuka kumpokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mahindi kiasi gani leo?"

Akamtajia. Mama akaguna, akachota punje kiganjani, akazipuliza vumbi.

"Ghali," alisema. "Jana nimekutetea, leo unataka kuniua?"

"Mama, hata mimi huko nilikonunua waliniua."

"Basi teremsha kidogo tufe taratibu."

Yule bwana akacheka kwa mara ya kwanza tangu mkutano. Akateremsha kidogo, mama akataka zaidi, nami nikaweka mfuko chini, maana niliona kwamba tutakaa pale muda mrefu.