Dawa ya Chunusi Isiyotaka Salamu

Ilianza Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, kwa harufu ya mwarobaini uliotwangwa. Hata leo nikiusikia ule uchungu hapa Bariadi, uso unanichoma kwa aibu, ingawa chunusi zenyewe zilishakwisha.

Nilikuwa kidato cha kwanza, na paji langu la uso lilikuwa kama shamba la pamba lililoingiliwa na kuku. Bibi alichanganya mwarobaini na utomvu wa shubiri, akanipaka mpaka nikawa kijani kama chura. "Usiseme na mtu hadi unawe," akanionya. "Ukifungua mdomo, dawa inakimbia." Na mimi nikamwapisha asimwambie mtu kwamba nina chunusi. Kana kwamba huo uso nilikuwa nauacha nyumbani!

Maji yalikuwa yameisha ndani. Nikajifunika kanga, nikabeba ndoo kwenda bombani, na njiani nikakutana na jirani yetu, Bibi Kabula. Kwetu mtoto wa kike humpigia mkubwa magoti, ndipo anasalimia. Bibi Kabula alisimama kabisa, akaningoja. Nikainamisha kichwa, nikampita kimya kama mbuzi.

Jioni akaja kwetu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimebana pumzi.

"Minza wako kavaa sketi ya sekondari juzi tu, leo keshatuona visiki! Akifika chuo si atatukanyaga?"

Nilingoja bibi aseme ni dawa. Neno moja tu. Nikamsikia: "Nisamehe, dada. Mimi ndiye niliyemlea. Kosa ni langu."

"Basi hukulea," akajibiwa, na mgeni akaondoka bila kuaga.

Bibi akarudi kupepeta choroko zake, hakunitazama. Mwanzoni nilishukuru kwamba siri yangu imepona. Kisha nikaona aibu, nzito kuliko ya chunusi. Ila nimechelewa kuelewa ukubwa wake: kwa mama wa umri ule, kuambiwa hukulea ni kuambiwa hukufanya kitu duniani. Naye aliimeza kauli hiyo kwa ajili ya vipele vya mtoto.

Kesho yake alfajiri alinipaka tena. Kanga niliiacha kitandani. Nikaenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa Bibi Kabula, uso wa kijani, nikapiga magoti vumbini. Dawa na ikimbie. Nikatoa salamu yetu ya asubuhi kwa sauti ya kusikika mpaka kwetu:

"Mwangaluka, bibi."