Kisutu cha Bluu

Nilikuwa nimekalia ndoo tupu ya rangi, chumba cha nyuma cha duka la kanga la shangazi yangu pale Chang'ombe, naitukana kompyuta. Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Lakini hata wewe ungetukana, kama zingebaki siku tatu tu baba yako aje kukuamulia maisha.

Mimi na wenzangu wachache, tunaojuana mtandaoni tu, tulikuwa tumeunda mfumo endeshi mdogo kwa ajili ya kompyuta kuukuu zisizo na kadi ya michoro. Kila nukta unayoiona kwenye kioo, prosesa yenyewe ndiyo inaipaka. Fungu langu lilikuwa kivinjari. Injini yake tuliipata kwa watu walioitoa bure, ila ilizoea kuiachia kadi uchoraji wote, na mimi ndiye wa kuifundisha kuchora bila kadi. Baba aliyaita hayo mchezo. Alishanitafutia nafasi ofisini, akaniambia, "Jumamosi nakuja. Nionyeshe ukurasa mmoja wenye picha, uende juu, uende chini, niuone kwa macho yangu. Ukishindwa, Jumatatu unaripoti kazini." Jamani, niliogopa. Kazi hii naipenda kupita kiasi.

Tatizo lilikuwa mwendo. Maandishi yalitoka safi, lakini kila nikiushusha ukurasa kidogo tu, injini ilikipaka kioo kizima upya, na mashine inaganda. Nikapiga meza.

"Imekukosea nini hiyo mashine?" shangazi aliuliza kutoka mbele, akimhudumia mama mmoja aliyetaka kuona pindo za kanga.

Shangazi huwa hakunjui kanga nzima kwa mtu anayetaka kuona pindo. Anavuta ncha, anaonyesha, anarudisha, na nyingine zote zinabaki zimekunjwa kwenye rafu. Nimemwona akifanya hivyo tangu utotoni. Siku hiyo nikabaki mkono hewani. Kumbe! Mbona mimi nakunjua duka zima? Nikaandika upya: kilichokwisha kupakwa kisogezwe kama kilivyo, na ipakwe ile sehemu mpya tu inayojitokeza. Ijumaa mchana ukurasa ukateleza. Nilipiga kigelegele peke yangu, shangazi akadhani imekuja posa.

Jumamosi asubuhi baba akafika kutoka Miyuji. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akiweka mfuko mezani. Ndani yake, viatu vyeusi vya ofisini, vipya, saizi yangu. Shangazi alikuwa amenipigia picha ya kisutu, ile kanga ya harusi nyekundu, nyeusi na nyeupe, nani asiyeijua? Nikaiweka kwenye ukurasa, nikaufungua mbele ya baba.

Kisutu kikatoka bluu.

Bluu, wallahi! Baba, aliyekulia ndani ya duka hilohilo, akamgeukia shangazi. "Dada, tangu lini?"

"Usiniulize mimi, muulize mwanao," shangazi akasema. "Bibi harusi wa kisutu cha bluu mimi sijamwona bado." Akacheka mpaka akashikilia kaunta. Baba hakucheka.

Nilitamani ardhi inimeze. Halafu nikaelewa: nilipokuwa natuma rangi kwenye kioo, nyekundu na bluu nilizipishanisha nafasi. Kurasa zangu zote za majaribio zilikuwa za nyeusi na nyeupe, na kwa hizo, hata nyekundu na bluu zikipishana huoni kosa. Uvivu wangu mwenyewe!

"Baba, nusu saa tu, tafadhali."

Nikarekebisha mstari mmoja, lakini injini nzima ilibidi ijengwe upya. Baba akanywa kahawa vikombe vitatu. Aliangalia mfuko wa viatu, akaniangalia mimi, akaiangalia ndoo.

Hatimaye picha ikaanza kushuka kutoka juu, ukanda kwa ukanda. Pindo. Kisha mji wa kanga, ile sehemu ya katikati, mwekundu, mwekundu kabisa! Shangazi akapiga kigelegele, safari hii cha watu wawili. Baba akasogea, akashika kipanya mwenyewe, akapeleka ukurasa juu, chini, juu tena. Ukamfuata bila kukwama. Mimi nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka.

Alicheza nao muda mrefu. Kisha akasimama, akachukua mfuko wake.

"Viatu navirudisha," alisema. "Nitakuletea kiti. Mtu hafanyi kazi amekalia ndoo."