Simba Isiyo na Boma

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya sekondari karibu na kituo cha matatu cha Kawangware 56, mwalimu mkuu alinipa chaki na onyo. "Madam, chunga wasichana. Wavulana watajichunga." Nikaamini. Nani angebishana na mtu mwenye sauti kama kengele?

Baadaye nikahamishiwa Kibera, nikawa mwalimu wa darasa, yaani yule anayeita majina asubuhi na kujua nani hajafika na kwa nini. Kidato cha kwanza, wavulana walijaa hadi ukutani. Kufika cha tatu, madawati yao yanabaki matupu. Naibu mwalimu mkuu, aliyeshika nidhamu, alikuwa na jibu moja tu: "Uvivu na bangi!"

Bangi ilikuwepo, sikatai. Lakini Ochieng' hakuvuta kitu. Hesabu alizimaliza kabla sijafuta ubao, na mama yake, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika kijiji cha Lindi humo humo Kibera, aliomba jambo moja tu kwa Mungu: mtoto amalize kidato cha nne. Alipoanza kusinzia darasani, nikaenda kwao. Chumba kimoja, pazia katikati.

"Halali hapa, Mwalimu," mama akasema. "Ni mwanaume sasa. Kwetu kijana akikomaa hawezi kulala nyumba moja na wazazi. Baba anamjengea simba."

Msicheke, simba huyo hangurumi. Ni nyumba ndogo ya kijana ndani ya boma la babake. Analala kivyake, lakini sahani ya mama inamfikia. Haya, Kibera utaijenga wapi, juu ya mtaro? Ochieng' akahamia kwa wenzake katika kijiji cha Raila, kingine cha Kibera. Huko kila mmoja huchangia kodi, na anayechangia kodi huamkia mjengo, vibarua vya ujenzi.

Nikaomba darasa moja liachwe wazi jioni, wavulana walale. Naibu akaangua kicheko. "Hii ni shule ya kutwa, Madam, si lojing'i!" Mwalimu mkuu wa pale akasema tungoje bodi. Wacha wee! Ngoja ngoja huumiza matumbo. Bodi ilipokutana, ilijadili rangi ya lango.

Nilikutana na Ochieng' njiani, sepetu begani. "Niaje, Madam? Nitarudi term ijayo." Hakurudi. Mama yake aliendelea kumfunikia chakula, kikipoa.

Nimestaafu, na jambo hili bado linaniuma. Tulichunga lango la mbele, watoto wakatokea nyuma.

Juzi Ochieng', sasa fundi mwashi mwenye mvi, aliniita kwake. Amekigawa chumba chake kwa mbao, akatoboa mlango wa pili unaotokea nje. Ndani alikuwa mwanawe wa kidato cha tatu, kitabu cha hesabu wazi mbele yake.

"Simba, Madam," akasema, akigonga mbao kwa fahari.

Mkewe akapitisha sahani ya ugali na omena. Kijana akaipokea bila kuinua macho. Ochieng' akainama juu ya bega lake, akaisoma ile hesabu polepole, midomo ikimchezacheza, kisha akanigeukia.

"Hii hatukufika, ama?"

"Darasa lilifika, Ochieng'," nikamwambia. "Wewe ulikuwa umeshaenda."